Hesabu Kiganjani mwa Mwamuzi

Wageni wa mchezo wa besiboli, wanapomwona mwamuzi wa Kimarekani aliyesimama nyuma ya mdakaji akitupia jicho kidude kilichofichama katika kiganja chake cha kushoto, huharakia kumdhania kuwa ni mtu wa akili nzito asiyeweza kufika nne bila ya msaada. Na dhana hiyo ni dhuluma kwa jamaa ambao ada zao zastahili taadhima kuliko kicheko.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kusemwa: mipira mibaya (balls) minne humpeleka mpigaji kituo cha kwanza, na makosa (strikes) matatu humtoa. Lakini mpira uliopigwa ukaenda nje ya mipaka huwa kosa mpaka yatimie mawili, kisha aghalabu hauongezi kitu, hata mpigaji mmoja aweza kurushiwa mipira kumi na zaidi ilhali umati unapiga kelele na kocha amehamaki. Nani katika sisi angeapa hapo kwa kumbukumbu yake? Na waliotangulia walibeba mzigo mzito zaidi, kwani mwaka 1879 mipira mibaya tisa ndiyo iliyotakiwa, ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikatulia minne mwaka 1889.

Kihesabio hicho, chenye vigurudumu vya mipira mibaya, makosa na wachezaji waliotolewa, hukaa kushoto maana mkono wa kulia una kazi ya kutangaza kosa. Adabu yake ni kwamba hukumu hutangulia, ndipo kidole gumba kigeuze kigurudumu, taratibu, kama mtu avutaye tasbihi, pasipo macho kushuka ila kwa kuhakikisha. Hesabu ikitangazwa, vidole vya kushoto huonyesha mipira mibaya na vya kulia makosa, na ulimi daima hutanguliza mibaya. Waamuzi wa vituoni nao aghalabu huwa na vihesabio vyao, ili mwenzao akighafilika asikose mashahidi. Akija mpigaji mpya, vigurudumu viwili hurudishwa sufuri na cha waliotolewa kikaachwa. Asahauye tendo hili dogo humrithisha mtu asiye na hatia deni la mwenziwe.

Jumla ya mipira ya mrushaji, hata hivyo, si amana ya mwamuzi: katika Little League, ligi ya watoto, ambako mtoto wa miaka 11 au 12 ana kikomo cha mipira 85 kwa siku, aghalabu huiandika mwenye daftari.

Sasa wapo wanaosema kuwa bao la taa limekifanya kihesabio kuwa pambo tu, wasijue ya kuwa bao humfuata mwamuzi, si yeye alifuataye. Na kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2025 kwa msimu wa 2026, mpigaji, mrushaji au mdakaji wa ligi kuu aweza kugusa kofia yake na kudai hukumu ipimwe kwa kamera. Sipendi mtu mzima atahayarishwe hivyo mbele ya maelfu. Walakini kamera ikishatengua, kigurudumu hurudishwa nyuma na kidole gumba kilekile, na waliokuwa wakimcheka hulazimika kumtazama yeye wajue kama ni mbili na mbili au ni tatu na moja.