Mwanafunzi wa Kimuka Hakukosea

Nilipokuwa Kimuka, karibu na Milima ya Ngong, nilionyeshwa daftari la Kiswahili la mwanafunzi wa Gredi ya 6. Alitakiwa kuandika kwa tarakimu "elfu mia tatu na hamsini". Akaandika 300,050, na mwalimu akamkosesha kwa wino mwekundu. Jibu lililotakiwa ni 350,000.

Kazi yangu ni isimu, si hisabati. Lakini kwa kanuni za lugha mtoto yule hakukosea hata chembe. Neno "elfu" likitangulia, sarufi haituambii kama linatawala "mia tatu" peke yake au "mia tatu na hamsini" kwa pamoja. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni 49,950, na si haba ikiwa ni fedha za shamba.

Natuitazame nambari inayowahusu wakazi wa huko wenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado: wanaume 557,098, wanawake 560,704 na huntha 38. Isome kwa sauti: milioni moja, laki moja, elfu kumi na saba, mia nane na arobaini. Hapa "elfu kumi na saba" haiwezi kuwa 10,007, kwa kuwa mamia yanafuata, nasi hatutaji mamoja kabla ya mamia. Utata huzuka pale ambapo hakuna kinachofuata. Na bei za ng'ombe na mashamba aghalabu huishia hapo.

Nambari hiyohiyo ingetosha kufundishia kipindi kizima. Ni shufwa. Jumla ya tarakimu zake ni 22, basi haigawanyiki kwa 3. Igawe kwa 2 mara nne, kisha kwa 5, utabaki na 13,973, ambayo kwa sura yake yeyote angeidhania tasa. Kumbe ni 89 mara 157, na hizo ndizo tasa! Ukizihesabu njia zote za kuigawa bila baki, utapata vigawo 40.

Istilahi hizi zina utamu wake. Tasa ni asiyezaa, na nambari tasa haina kigawo ila 1 na yenyewe. Witiri, kinyume cha shufwa, Mwislamu anaijua kutokana na sala yake ya usiku. Watoto wa Tanzania hujifunza hisabati kwa maneno haya katika shule za msingi za serikali. Wetu hufundishwa kwa Kiingereza, kisha tunashangaa wakitatizwa na "elfu".

Dawa ni nyepesi. Tuseme "mia tatu na hamsini elfu", au "laki tatu na nusu" kama wafanyavyo wachuuzi, ambao neno laki limewafikia kutoka Bara Hindi. Nilimweleza mwalimu hayo, akanijibu kwa upole kwamba yeye hufuata kitabu. Mtoto alikuwa amesimama kando akisikiliza.

"Sasa mwalimu," akauliza, "alama yangu itarudi?"

Hadi naondoka, hakuwa amejibiwa.