Mwavuli juu ya Nyakabere: nani wa kuombwa ruhusa?

Kiangazi kinaposhika kwenye Plaine, uwanda wa mto Ruzizi mashariki mwa Kongo, watoto hutafuta vijiti vya matete, uzi wa gunia na mfuko wa plastiki, wakatengeneza tiara. Upepo wa mchana huipandisha juu ya mapaa ya kijiji cha Nyakabere, na hakuna polisi wala mkuu wa ofisi anayewadai karatasi. Uzi ukikatika, tiara huangukia kwenye mihogo ya watu. Mama mwenye shamba hufoka, mtoto huomba radhi, na neno huishia hapo.

Sheria yote ya anga imo katika mchezo huo. Kupaa ni hiari ya mtu, kushuka ni kazi ya upepo, na popote utakapoangukia pana mwenyewe.

Sasa badala ya tiara mweke mtu. Afrika Mashariki imekwisha kuizoea michezo hiyo. Diani, kusini mwa Mombasa, wageni huruka kwa miamvuli kutoka ndegeni na kutua mchangani mbele ya bahari. Iten, kwenye ukingo wa bonde la Kerio, watu wa parapenti, mwavuli wa kurukia kutoka mlimani, hufuata hewa ya moto inayopanda kutoka bondeni. Maputo ya hewa moto yanapaa Maasai Mara tangu miaka ya 1970. Na ukisimama Nyakabere ukatazama magharibi, jinsi milima inavyopanda kutoka bonde lililo chini ya mita 1,000 hadi Itombwe yenye vilele vya zaidi ya mita 3,000, unaelewa mara moja kwamba mtu wa parapenti akipita hapa atameza mate. Lakini aombe ruhusa kwa nani?

Jibu la kwanza liko Kinshasa. Usafiri wa anga wa kiraia nchini unatawaliwa na sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na msimamizi wake ni mamlaka ambayo watu huiita kwa herufi zake za Kifaransa, AAC. Viwanja vya ndege na minara ya kuongozea viko mikononi mwa RVA, shirika la Dola la njia za anga. Mwami, mtawala wetu wa kimila, kwa heshima zake zote hana kipande cha anga. Nyuma ya sheria hiyo umesimama Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao kifungu chake cha kwanza kinaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake. Kiambatisho chake cha 2, chenye kanuni za kuruka, hakikuisahau miamvuli: isipokuwa mtu anajiokoa, haruki kwa mwavuli nje ya masharti ya mamlaka husika na maelekezo ya wanaoongoza ndege. Sababu ni nyepesi. Rubani aliye katika mwendo hana muda wa kumkwepa mtu anayening'inia kwenye kitambaa. Lazima aambiwe mapema siku, saa, mahali na kimo, na tangazo hilo dunia nzima huitwa NOTAM.

Hapa kwetu rubani ana sababu ya ziada ya kuambiwa. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, unaoitwa Melchior Ndadaye tangu 2019, uko kama kilomita 20 tu kutoka mji wa Uvira ukikata maji. Njia yake ya kurukia imelala kaskazini kwa kusini, kwa hiyo ndege huuingia ama juu ya ziwa ama juu ya bonde hili hili tunalogawana na Warundi. Anayetaka kuruka upande wetu akaridhika na muhuri wa Kinshasa peke yake, anacheza na roho za abiria wa watu.

Piga hesabu. Anayetoka ndegeni kwenye mita 4,000 juu ya ardhi huanguka kama dakika moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, kisha hufungua mwavuli na kuelea dakika tano au zaidi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukimsukuma dakika hizo tano, amekwisha kusogea kilomita tatu. Na mpaka wetu ni mto, hauna ukuta. Mtu anaweza kuruka akiwa Kongo akatua Burundi bila pasi, bila kupita kwa DGM, watu wa uhamiaji, pengine kwenye delta, katikati ya viboko. Gustave, yule mamba wa Ruzizi aliyepata jina duniani, hakuwahi kumwomba mtu vitambulisho.

Hayo ni ya ramani. Kilicho kizito zaidi ni kumbukumbu. Ndege zilizoletwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916 hazikuja kucheza: zilikuwa ndege za majini aina ya Short, ambazo Wabelgiji walizipata kwa Waingereza, nao wakazituma kuipiga mabomu Kigoma wakiilenga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, MV Liemba ya leo. Mei 1964 Uvira iliingia mikononi mwa waasi wa Simba, na baadaye ndege za T-28, zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, zikawa zinapiga kandokando ya ziwa. Novemba mwaka huo huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, ndiyo Kisangani. Mei 1978 Wafaransa walishuka Kolwezi. Mobutu mwenyewe alikwenda Israeli mwaka 1963 kujifunza kuruka. Kwa mzee wa Kikongo, mwavuli unaotoka angani haujawahi kuhusiana na mvua, na mchezo ndio hata haumjii kichwani.

Kisha zikaja droni. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha za kwanza kutoka Goma, zisizo na silaha, za kuangalia tu. Zilizofuata haziangalii tu. Goma na Bukavu zilipochukuliwa na waasi mwanzoni mwa 2025, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu kunyamaza, mlio wa droni katika Kivu Kusini ukawa jambo la kumfanya mama aache sufuria motoni akakusanye watoto. Kijana mwenye kidroni cha kupigia picha za harusi hawezi kulalamika askari wa barabarani akikinyang'anya. Kutoka chini, kidroni cha harusi na droni ya bomu havitofautiani. Hata Kenya, ambako hakuna mstari wa mapigano, jambo hili liliwasumbua: kanuni zao za droni za 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na mpya zikatoka 2020. Kwa maoni yangu, kuruka kwa starehe juu ya Plaine leo hii kungojee. Si suala la woga. Ni adabu kwa watu waliochoka kutazama juu.

Tuseme basi amani imerudi na mihuri yote imepatikana. Bado hujafika Nyakabere. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Dola peke yake. Nenda kamweleze hivyo mwanamke ambaye mtu ametua kwenye mahindi yake yaliyoanza kubeba! Kijijini kila tuta lina mwenyewe, na juu yake yuko shefu wa kijiji, kisha shefu wa grupema, yaani kundi la vijiji, kisha Mwami. Na wala si mila tu: sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeitambua sheferi, yaani eneo la Mwami, kuwa chombo cha utawala chenye nafsi yake kisheria.

Huko hakuendwi na karatasi mbele kama ngao. Mtu anasalimu, anakaa, anaulizwa ni mtoto wa nani, anajibu. Ndipo anasema: "Mwami, tumekuja kuomba njia." Yatafuata maswali ambayo hayamo katika fomu yoyote ya Kinshasa. Ng'ombe wakishtuka wakatawanyika, nani atawarudisha? Mguu ukivunjika, gari la hospitali liko wapi? Hiyo kamera kichwani inapiga nini, na picha zinakwenda kwa nani? Mazao yakikanyagwa, atalipwa mwenye shamba mkononi, au pesa itapotelea njiani? Swali hili la mwisho ndilo ningelikalia siku nzima, kwa sababu tumeona fidia nyingi zikigawanywa na watu wasio na hata tuta moja la mihogo.

Wakikubaliana, itabaki kazi ya kutangaza: kanisani, msikitini, redioni, sokoni. Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, mtu mmoja atashuka kwenye kiwanja cha mpira. Na watajiwe rangi ya mwavuli wake. Ukionekana wa rangi nyingine, kila mtu akimbie.