Umeme Usiokubali Kukatwa

Kuwasha taa ni kazi ya kidole kimoja, na kuizima vivyo hivyo. Lakini katika nyaya kubwa zitokazo mitamboni mambo ni mengine. Huko kuufungulia umeme ni rahisi. Kuukata ndiyo kazi.

Tuanze na hatari yenyewe. Mti ukiangukia nyaya, au nyaya mbili zikigusana, umeme huacha njia yake na kupita njia ya mkato. Mara huzidi kiasi chake mara nyingi, ukayeyusha nyaya na kuunguza mashine. Kwa hiyo katika vituo vya umeme pamewekwa vikata-umeme, yaani swichi kubwa zijifunguazo zenyewe hatari itokeapo.

Lakini vyuma viwili vya swichi hiyo viachanapo, umeme haukubali. Huruka katikati yao, ukifanya upinde wa moto wenye joto la maelfu ya digrii. Vyuma vimeachana, na umeme bado wapita!

Mafundi walipata msaada katika tabia ya umeme wenyewe. Ule wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila ugeukapo, nguvu yake hushuka hadi sifuri. Ndiyo kusema, hupumzika mara 100 kwa sekunde. Upinde wa moto ukizimika katika pumziko hilo, kikata-umeme huuzuia usiwake tena: kimoja kwa mafuta, kingine kwa gesi, kingine kwa kuvifungia vyuma vyake katika chombo kisicho na hewa.

Sasa tutazame nchini kwetu. Tangu mwaka 1982 iko njia ya umeme ya kilometa 1,700 hivi, kutoka Inga, penye maporomoko ya mto Kongo, hadi Kolwezi, penye migodi ya shaba. Hiyo hubeba umeme uendao upande mmoja daima, kwa kuwa katika safari ndefu hivyo hupotea kidogo kuliko ule mwingine. Lakini umeme huo haupumziki kamwe. Basi hatari ikitokea, mitambo ya mwisho wa njia, igeuzayo umeme, ndiyo huushusha mpaka uishe.

Dawa hiyo yafaa njia moja yenye ncha mbili. Njia nyingi zikiunganishwa, kuzifunga zote kwa ajili ya tawi moja lenye ugonjwa ni hasara kubwa. Mafundi walihangaika miaka mingi, hata mwaka 2012 kampuni ya ABB ikatangaza kikata-umeme kiwezacho kuukata umeme huo kwa sehemu 5 za elfu za sekunde. Mwaka 2020 vikata-umeme vya jinsi hiyo vilianza kazi katika njia za Zhangbei, nchini China, zipelekazo umeme Beijing.

Nyumbani mwetu pia yuko mlinzi mdogo: fyuzi kando ya mita. Ikikatika mara kwa mara, wengine hukasirika, wakafunga waya mnene mahali pake. Taa zawaka, wote washangilia; kumbe wamemwua mlinzi! Siku nyaya zitakapogusana darini usiku, watoto wamelala, nani ataukata umeme? Fyuzi ikikatika, tusimpige mlinzi aliyepiga kelele. Tumwite fundi, amtafute mwizi.