Dawa ya Kuchua Haipimwi kwa Ukali Wake

Apitaye Makadara, kisiwani Mombasa, wakati wa jioni hakosi kuwaona wale ambao riziki yao imo katika misuli yao: mahamali waliosukuma mikokoteni tangu alfajiri, wachuuzi wa maji watokao vichochoroni mwa Mji wa Kale, na vijana watokao uwanjani wakichechemea. Hawa wote, pamoja na mwalimu aliyesimama ubaoni kutwa na bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kurukuu, huishia mahali pamoja, nalo ni duka la dawa, wakiomba "ile kali ya kuchua".

Neno hilo "kali" ndilo linalostahili kuhojiwa. Wengi wetu tumejenga itikadi kwamba dawa isiyowasha wala kunuka si dawa. Wahenga walituonya mapema kuwa debe tupu haliachi kuvuma.

Ukweli ni kwamba dawa za kupaka ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile za mentholi, karafumaiti na kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe wa pilipili. Mentholi huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi. Kapsaisini huamsha ile inayohisi moto. Kwa kuichunguza kapsaisini, mwanasayansi David Julius aligundua kipokezi cha joto mwilini, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Ngozi inapowaka, maumivu ya ndani husahaulika kwa muda. Nafuu hiyo si ya uongo, ila moto wa ngozini si ishara kwamba uvimbe umepungua.

Namna ya pili ni jeli zenye diklofenaki au ibuprofeni. Hizi mara nyingi haziwashi, na ndiyo sababu hudharauliwa. Lakini hupenya ngozi na kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Hufaa zaidi kwa viungo vilivyo karibu na ngozi, kama vile goti, kifundo na vidole, na kwa misuli iliyoteguka; nyonga iko ndani mno. Jeli ya diklofenaki ikipakwa gotini, kiasi kinachoingia katika damu ni kama asilimia 6 tu ya kile cha vidonge. Basi mzee mwenye vidonda vya tumbo hupungukiwa na hatari, ingawa mjamzito, mwenye pumu na mwenye maradhi ya figo sharti wamwulize daktari kwanza.

Jambo la tatu ni bei. Mara kwa mara utakuta mirija miwili dirishani, mmoja wa jina mashuhuri na mwingine wa jina geni, yote miwili ina dawa ile ile kwa kiwango kile kile. Tofauti ni jina na shilingi. Kabla ya kulipa, soma jina la dawa yenyewe, asilimia yake, tarehe ya kuharibika na nambari ya usajili. Usipake penye jeraha, usifunge kwa kitambaa cha moto juu yake, wala usichanganye mbili ukidhani utapona maradufu.

Huenda msomaji akauliza, mbona maneno mengi kwa kitu cha kupaka tu? Jibu limo katika methili salisileti, kiungo cha marhamu nyingi zenye harufu kali. Hii ni ndugu ya aspirini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake halisi kina nguvu ya takriban gramu 7 za aspirini, kiasi kinachoweza kumwua mtoto mdogo akikinywa. Mwaka 2007, huko New York, Marekani, mwanafunzi wa miaka 17 aliyekuwa mkimbiaji alifariki, na wachunguzi wakathibitisha kuwa dawa hiyo ilikuwa imejaa mwilini mwake kwa kujipaka kupita kiasi. Wanaotumia warfarini ya kupunguza kuganda kwa damu nao wajihadhari, kwani huweza kutokwa na damu.

Lipo na kosa jingine, la kukichua kile kisichochuliwa. Kiungo kilichovimba ghafla, kikawa chekundu na chenye joto, tena mgonjwa ana homa, hakingoji marhamu. Ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Na hapa kwetu Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea, mtoto anayelia mifupa mara kwa mara asiambiwe kuwa ni baridi tu, akapakwa na kulazwa. Apimwe damu. Kila siku anayochuliwa bila kupimwa ni siku aliyoibiwa.

Walimu wana nafasi njema katika jambo hili. Mrija mtupu wa dawa ni kitabu kamili cha somo la sayansi: una kemia, hesabu za asilimia na ufahamu wa lugha. Mwanafunzi atakayejua kuusoma leo ndiye atakayemsomea nyanya yake kesho, na huenda akamwokoa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, basi tumfundishe kijana wetu kuuliza "ina nini ndani yake?" kabla ya kuuliza "ni kali?"