Kifundo Kilichoteguka Hakikandwi

"Dakta, nani anakanda vizuri huku Umoja?" Swali hili huanza kuja Septemba, makundi ya densi ya Bollywood ya Eastlands, Nairobi, yanapojifua kwa ajili ya Diwali na harusi za mwisho wa mwaka. Huulizwa na wasichana wa sekondari, huulizwa na mama zao, na zaidi ya wote huulizwa na viongozi wa makundi, ambao mchezaji wao ameteguka Jumatano na shoo ni Jumamosi. Nimelijibu kliniki, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu nikiwa ndani ya matatu. Sasa naliandika ili lisomwe na wote: hakuna anayekanda vizuri kifundo kilichoteguka juzi, kwa sababu kifundo kilichoteguka juzi hakikandwi.

Najua jibu hilo linaudhi. Kayole, Dandora, Kariobangi, hakuna mtaa usiokuwa na mzee au mama anayesifika kwa mikono yake. Wengi ni watu wema, na sina ugomvi nao juu ya mgongo uliochoka au bega lililokaza. Ugomvi wangu ni juu ya kifundo cha mguu, na hasa cha kijana anayejifunza Bollywood, maana huyo anaumia kwa njia zake na anarudishwa mazoezini upesi mno.

Nenda ukatazame mazoezi yenyewe. Ukumbi wa mtaa au wa kanisa, sakafu ya saruji, spika moja, simu moja yenye video, na vijana wako pekupeku. Wimbo ukianza wanakanyaga chini kwa wayo mzima, hatua ya kathak. Mara wanashuka nusu-kikao, magoti nje, mkao wa bharatanatyam. Kibwagizo kikiingia wanaruka kwa mguu mmoja, mikono juu, hiyo ni bhangra ya Punjab, kisha wanazunguka kama wanawake wa Gujarat kwenye garba. Mtaani yote hayo yanaitwa Bollywood. Kule yalikotoka, mwanafunzi wa kathak hukanyaga polepole kwa miaka kabla ya kuongezewa kasi na njuga. Wetu anapewa yote manne katika wiki moja, kutoka kwenye skrini ya kiganja.

Na skrini hiyo inadanganya. Wimbo wa filamu hupigwa picha vipande vipande vya sekunde chache, wachezaji wakipumzika katikati, kwa siku kadhaa. Saroj Khan alipopanga densi ya "Dola Re Dola" katika filamu ya Devdas ya mwaka 2002, iliyompa tuzo ya taifa ya India, mmoja wa wachezaji wake wawili wakuu alikuwa Madhuri Dixit, mwili uliofunzwa kathak tangu utotoni. Mwanafunzi wa Jericho anayeiga wimbo wa namna hiyo anaucheza wote bila kukatiza, anaurudia tena na tena jioni nzima, akitoka shuleni na begi mgongoni, tumboni hana kitu ila chai. Jasho likidondoka, wayo unanata kwenye saruji. Mwili unazunguka, wayo haufuati. Au anatua kutoka kwenye mruko wa bhangra kwa ukingo wa nje wa mguu, wayo unapinda ndani, na anasikia kitu kimeachia.

Kilichoachia ni ligamenti, kamba fupi ngumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Kwa wengi ni ile ya mbele ya kifundo upande wa nje. Nyuzi zake zimevutika kupita kiasi au zimechanika, mishipa midogo ya damu imepasuka pamoja nazo, na damu na maji vinajaa pale. Huo ndio uvimbe. Sasa anakuja mkandaji, anabonyeza, anatikisa kichwa na kusema mishipa imepandana, inabidi irudishwe.

Mishipa haijapandana. Hakuna mshipa uliotoka mahali pake ukahamia pengine, na hakuna kidole gumba kinachoweza kuurudisha. Vile vinavyoteleza chini ya kidole chake ni kano zilizo mahali pake siku zote. Zipo hivyo hivyo kwenye mguu mzima, jibonyeze nyuma ya kifundo uone. Anapovuta wayo na kuuzungusha, anazivuta nyuzi zilezile zilizochanika. Anapominya uvimbe, anapasua vimishipa vilivyokuwa vimeanza kuziba. Maji ya moto yenye chumvi yanatanua mishipa ya damu na kuongeza kile kile anachodai anakiondoa.

Mwaka jana niliwekewa mbele yangu mguu wa binti wa kidato cha tatu. Ngozi ilikuwa inang'aa kwa uvimbe kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Upande wa nje damu ilikuwa imevilia hadi ukingo wa kisigino, na juu ya weusi huo palikuwa na alama za mviringo za vidole gumba, mbili mbili, zikipanda kwenye ugoko. Malengelenge ya taulo la moto yalikuwa yameshapasuka. Chumba kizima kilinuka kafuri. Nilimwomba anionyeshe kwa kidole kimoja mahali palipouma siku ile ile ya kwanza, kabla hajaguswa na mtu. Hakuonyesha kifundo. Alionyesha ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kidole kidogo na kisigino. Mfupa wa tano wa wayo ulikuwa umevunjika. Mfupa uliovunjika ulikandwa usiku baada ya usiku, binti akishikiliwa mabega na jamaa zake wanaompenda, akiambiwa avumilie kwa sababu dawa ya kweli lazima iume. Nilikasirika siku ile na bado nakasirika.

"Lakini mimi nilikandwa nikapona." Huo ndio utetezi, nami nausikia kila wiki. Ulipona, sawa. Kuteguka kwingi kwa kawaida hupungua maumivu kwenyewe baada ya siku chache za kwanza, na mtu huenda kukandwa pale maumivu yalipofika kileleni. Kinachofuata kingefuata hata kama ungebaki nyumbani. Kusugua nako hutuliza kweli kwa muda. Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 jinsi hisia za mguso zinavyoweza kubana njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo, na ndiyo maana mtoto akijigonga anajisugua mwenyewe bila kufundishwa. Utulivu huo hauna uhusiano na kupona. Kwa mchezaji ndio hatari yenyewe, kwa sababu usiku anajiona mzima, kesho anarudi kurukia mguu ambao ligamenti yake bado imechanika. Na ule mlio wa "tak" unaowafurahisha watu wote chumbani? Mara nyingi ni gesi kwenye maji ya kiungo, sawa na ya vidole vya mkono ukivinyoosha. Hakuna kilichorudi.

Dawa za kuchua ni hadithi hiyo hiyo. Menthol na kafuri huamsha neva za baridi na joto kwenye ngozi, nawe unahisi kitu kinafanya kazi ndani. Haviungi ligamenti. Ukipaka nyingi kisha ukafunga kitambaa cha moto juu yake, unaungua.

Wala sisemi haya ili niuze barafu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua, baadaye mwenyewe alibadili mawazo na kusema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mimi naitumia kutuliza maumivu tu. Tofauti ni kwamba fani yetu ilipoonyeshwa ushahidi ilijirekebisha, ilhali maneno ya mishipa kupandana nimeyakuta tangu nikiwa mwanafunzi na hayajabadilika hata herufi.

Madhara makubwa huja baadaye, na hayaonekani kwenye ngozi. Ndani ya ligamenti mna neva zinazoujulisha ubongo wayo umekaaje. Kifundo kilichorudishwa kazini kabla ya wakati, bila mazoezi ya kusimama sawa, hupoteza taarifa hiyo na kuteguka tena, kisha tena, kwenye mruko mdogo kuliko wa kwanza. Nawajua wachezaji wenye vipaji ambao leo hawawezi kuzunguka mara mbili kwa mguu wa kulia. Hawajatimiza miaka ishirini.

Maumivu ya ugoko ni jambo jingine, nayo yasipelekwe kwa mkandaji hata kidogo. Yakienea kwenye urefu wa mfupa na kupungua ukipumzika, umezidisha kukanyaga saruji. Yakiwa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakauma hata ukiwa umelala, huenda mfupa umeanza kupata ufa, na eksirei ya wiki mbili za kwanza inaweza isiuonyeshe. Msichana anayecheza sana, anayekula kidogo na ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu ana hatari zaidi ya ufa huo. Akina mama, ulizeni hilo bila haya, na mkishaulizia mleteni kwa daktari.

Basi, la kufanya. Mguu ukipinda, acha hapo hapo, hata wimbo usipoisha. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, bila kukaza hadi vidole vikafa ganzi. Inua mguu juu ya mito. Barafu kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15, paracetamol kwa kipimo cha pakiti, na kwa siku tatu hivi hakuna joto, hakuna kukanda, hakuna pombe. Jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa tangu ulipoumia na ukashindwa tena ukifika kwa daktari, unahitaji eksirei. Vivyo hivyo ukibonyeza ukasikia maumivu makali kwenye mfupa wenyewe: ncha au ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayotokeza pembeni mwa kifundo, sentimita 6 za chini, au ukingo wa wayo alipoonyesha yule binti, au mfupa unaotokeza juu ya upinde wa wayo kwa ndani. Kanuni hiyo ilitengenezwa Ottawa, Kanada, ikatangazwa 1992, na inatumika duniani kote. Mtoto ambaye bado anakua apelekwe bila kusubiri, kwani ncha za mifupa yake bado ni laini. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko huku huku kwetu.

Kama hakuna kilichovunjika, usilale wiki nzima. Anza kuchezesha wayo kadiri maumivu yanavyoruhusu, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, tembea kidogo kidogo. Kisha inuka kwa ncha za vidole ukishika ukuta. Kisha simama kwa mguu ulioumia unapopiga mswaki, asubuhi na jioni, na ukiweza ufumbe macho. Hesabu wiki, usihesabu siku. Unarudi kuruka siku utakayoweza kurukaruka kwa mguu huo peke yake bila maumivu, sawasawa na ule mzima.

Kwenye mazoezi, vaa raba zenye soli ya mpira wakati wa kurudia hatua za kukanyaga, na vua kwa raundi za mwisho tu. Ombeni plaiwudi ya kutandika juu ya saruji, kwani kundi likichangishana inawezekana. Futeni jasho sakafuni kabla ya kuzunguka. Pitieni wimbo kwa kutembea, bila kuruka, mara nyingi zaidi kuliko mnavyoucheza kwa nguvu zote, na msiweke siku mbili nzito mfululizo.

Nanyi viongozi, fundisheni kila nafasi kwa wachezaji wawili tangu wiki ya kwanza, ili mtu akiteguka pasiwe na wa kumlazimisha. Aliyeumia msimfukuze ukumbini. Densi hii iko nusu mikononi na usoni, na hizo ndizo sehemu ambazo makundi yetu huziparamia mwishomwisho. Mkalisheni kwenye kiti mbele ya wenzake, mguu juu ya kiti cha pili, ahesabu hadi nane kwa sauti, arudie ishara za vidole na macho hadi azijue kuliko wote, kisha awafundishe wengine.