Nafasi ya Ligi Kuu ni ya Nani?

Shabiki wa Chamwino anayetaka kuiona Ligi Kuu hushika barabara ya Morogoro kuelekea mjini, hadi Uwanja wa Jamhuri. Safari hiyo ilipata maana mpya mwaka 2020, Dodoma Jiji, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipopanda kutoka Daraja la Kwanza.

Ilipanda kwa pointi, na huo ndio mlango wa mbele. Ligi Kuu ina timu 16. Mbili za mkiani hushuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 hucheza mtoano, na inayoshindwa humkabili mshindi wa mtoano wa Championship, ligi iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza. Huko Championship, wa kwanza na wa pili hupanda bila kumsubiri mtu.

Vyuo vya Marekani havina ngazi ya namna hiyo. Timu ya hoki ya barafu ya Arizona State iliingia daraja la juu mwaka 2015, ikakaa miaka kadhaa bila ligi yake, hadi mwaka 2024 ilipojiunga na umoja wa vyuo uitwao NCHC. Ushindi husaidia, lakini wenyeji ndio wanaokubali nani akaribishwe mezani.

Tanzania upo mlango mwingine tena: klabu yenyewe kuhama, na nafasi yake ikahama nayo.

Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilipanda mwaka 2020, ikashuka mwaka uliofuata, ikapanda tena 2022. Novemba 29 mwaka huo, kwenye uwanja wake wa Highland Estate, Ubaruku, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ikaijua Ubaruku. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina la Singida Black Stars. Haikushuka daraja. Wapenzi wake wa Mbarali walibaki bila Ligi Kuu hivyo hivyo.

Singida nayo ilikuwa na jeraha lake. Singida Fountain Gate, iliyotokana na timu ya DTB na kuitwa kwanza Singida Big Stars, iliondoka na kuwa Fountain Gate ya Babati, Manyara. Furaha ya Singida kupata timu tena ni ya haki kabisa. Kasoro iko kwenye utaratibu: pointi huandikwa kwa klabu, si kwa wilaya iliyoijazia uwanja, na anayelipa mishahara ndiye anayeamua timu ilale wapi. Ingefaa wilaya inayopoteza timu isikilizwe kabla ya uhamisho kuidhinishwa.

Dodoma Jiji ina kinga kidogo, kwa kuwa halmashauri haiwezi kuhamia mkoa mwingine. Gharama ya kinga hiyo ni kwamba usajili na nauli vinagombania bajeti na madarasa na zahanati.

Chamwino ikitaka timu yake leo, itaanzia ligi ya wilaya, ipite ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League na Championship. Hata ikipanda kila mwaka, ni misimu kadhaa. Singida haikulazimika kupitia ngazi hizo.