Bomba la Rangi na Mapafu ya Mwanao

Katika miji yetu ya Pwani, kazi ya kupiga magari rangi ni miongoni mwa kazi zinazowapokea vijana mapema. Kijana akimaliza shule, au akikosa karo ya kuendelea, mjomba au jirani humchukua gereji, na wazazi hushukuru kwamba mwana amepata ufundi wa mkono. Shukrani hiyo ina haki yake. Lakini mzazi, na hasa mama ambaye ndiye azipokeaye nguo za kazi jioni, anastahiki kuijua kazi hiyo kwa ndani: ni kipi kimtofautishacho fundi na mwenye kubahatisha, na ni kitu gani kiingiacho kifuani mwa kijana kila abonyezapo bomba lake. Mambo haya mawili huonekana mbalimbali, ilhali yamefungamana. Bomba lililorekebishwa sawasawa huacha praima laini juu ya bati, na papo hapo hutupa rangi chache hewani.

Asili ya chombo hiki, ambacho gereji hukiita sprei, ni tiba. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa maradhi ya koo aitwaye Allen DeVilbiss, wa mji wa Toledo, Ohio, nchini Marekani, alibuni kipulizio cha kufikisha dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanawe Thomas akakigeuza kikawa cha kupulizia rangi. Namna yake ya kufanya kazi haikubadilika: hewa hukivunja kimiminika vipande vidogo mno hata kikawa kama ukungu. Kilichobadilika ni hicho kimiminika. Zamani kilikuwa dawa ya koo. Leo ni kitu ambacho koo halikitaki kabisa.

Praima ni tabaka itanguliayo rangi. Hushikamanisha rangi na bati, na hujaza mikwaruzo iliyoachwa na msasa juu ya puti. Praima ya kujaza ni nzito, kwa hivyo tundu la bomba lake huwa pana: milimita 1.6 hadi 2.0, ambapo rangi ya juu na vanishi hutosheka na 1.3 au 1.4. Kijana apigaye praima nzito kwa tundu dogo hulazimika kuzidisha thina au kupandisha presha, na yote mawili humharibia kazi. Praima ikiparuza kama ganda la chungwa, atatumia saa nzima ya msasa kuondoa alichokiweka kwa dakika kumi, na vumbi la msasa huo ni lake yeye kulivuta.

Kabla ya kulishika bomba, mchanganyiko uwe sawa. Praima, hadena na thina hupimwa kwa kikombe chenye alama, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye mkebe. Hazikadiriwi kwa jicho. Kisha huchujwa, maana chembe moja ya uchafu hutosha kuziba tundu. Kompresa nayo itolewe maji. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi, na ikishindiliwa ndani ya tangi unyevu huo hugeuka maji, yakapita kwenye mpira hadi juu ya gari, na rangi ikafanya vitundu na malengelenge.

Bomba lina marekebisho matatu. La kwanza ni skrubu ya upana, iamuayo mnyunyizo utoke duara ndogo au utanuke. La pili ni skrubu ya sindano, iamuayo kiasi cha praima kitokacho. La tatu ni presha ya hewa. Fundi aliyefunzwa huanza kwa kufungua upana wote, kisha hubonyeza kifyatuo na kukiacha kimebonyezwa huku akipima presha penye mkono wa bomba. Kipimo cha kwenye kompresa hakitoshi, kwani mpira mrefu hula presha njiani. Mabomba mengi ya siku hizi ya presha ndogo, yenye alama ya HVLP, hutaka takriban pauni 25 hadi 30 kwa inchi mraba pale hewa iingiapo. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo hakimu. Mwisho hufungua sindano kidogo kidogo mpaka praima itoke ya kutosha.

Hapo bado hajaligusa gari. Hubandika karatasi ukutani, akasimama umbali wa sentimita 15 hadi 20, akapiga mara moja na kuachia. Alama iliyobaki ndiyo imwambiayo ukweli. Ikiwa ni yai refu lililosimama, lenye matone madogo yaliyo sawa juu, kati na chini, bomba liko tayari. Ikiwa nzito katikati na nyepesi kandoni, praima ni nzito mno au presha ni ndogo. Ikiwa imejaa ncha mbili na kati pakavu, presha imezidi au thina imekuwa nyingi. Ikiwa imepinda kama ndizi, basi kuna tundu lililoziba: fundi huizungusha kofia ya mbele nusu mzunguko na kupiga tena. Upinde ukigeuka pamoja na kofia, uchafu umo kwenye kofia. Usipogeuka, umo kwenye mdomo wa praima. Husafishwa kwa brashi laini na thina, wala haudungwi kwa waya, kwani waya hutanua tundu na bomba lisirudi tena hali yake.

Akishaliendea gari, mkono husogea sambamba na bati, wala hauzunguki kama upepeao moto wa jiko. Kila mpigo huufunika uliotangulia kwa nusu. Tabaka mbili au tatu hutosha, na kati yake husubiriwa mpaka mng'ao wa majimaji ufifie. Katika joto la kaskazi, thina ya haraka hukauka hewani kabla ya kufika, na praima ikaanguka kama unga. Huko hutakiwa thina ya polepole. Aidha gari lililopigwa praima lisiachwe barazani majuma kadhaa likingoja pesa za rangi. Praima ya kujaza hunyonya unyevu, na kwa chumvi ya bahari yetu kutu huanza chini yake kimyakimya. Mwenye gari atailaumu rangi, na rangi haina kosa.

Sasa tuje kwenye kifua. Praima zichanganywazo na hadena huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo ni miongoni mwa sababu zijulikanazo za pumu ya kazini. Hatari yake ni kwamba zaweza kudhuru kabla pua haijahisi harufu. Baada ya mwili kuzizoea kwa ubaya, hata kiasi kidogo mno huweza kuleta shambulio la pumu, na wengi wa waliofikia hapo hulazimika kuiacha kazi. Mabomba ya presha kubwa ya zamani hupoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Lile la HVLP, likirekebishwa ipasavyo, hufikisha si chini ya asilimia 65 juu ya gari. Kwa hiyo kila apandishaye presha ovyo ili amalize haraka huuongeza ukungu anaouvuta yeye mwenyewe, pamoja na mvulana amshikiaye mpira.

Leso iliyofungwa puani haizuii kitu, wala barakoa ya vumbi. Barakoa yenye vichujio vya kaboni hupunguza madhara, lakini kwa rangi za hadena kinga ya kutegemewa ni ile iletayo hewa safi, iliyochujwa kwa ajili ya kupumua, kupitia mpira wake. Hapa pana jambo liwahusulo vijana wetu hasa: barakoa ya kubana uso haishiki juu ya ndevu, na hewa chafu hupenya pembeni. Mwenye kufuga ndevu hapaswi kuchagua baina ya ndevu zake na mapafu yake. Ipo aina ya kofia ifunikayo kichwa chote na kupokea hewa safi, isiyohitaji kubana shavu. Ni ghali, lakini gereji yaweza kununua moja ikatumiwa kwa zamu.

Kwa hivyo, ndugu mzazi, kabla ya kumwachia fundi mwanao, muulize kwa adabu maswali machache. Je, vijana wako hupima bomba kwenye karatasi kwanza? Hadena hupimwa kwa kikombe au kwa jicho? Wapigapo huvaa nini usoni? Wasiopiga husimama wapi wakati huo? Fundi wa kweli hatachukia kuulizwa. Atafurahi kwamba kuna mtu ajuaye thamani ya kazi yake. Akicheka na kusema kwamba maziwa huosha kifua, mshukuru, umchukue mwanao utafute kwingine, kwani maziwa hushuka tumboni na ukungu huenda mapafuni.

Na nyumbani, nguo za gereji zivuliwe mlangoni, zifuliwe mbali na za watoto, na mwenye kuzifua avae glavu. Kijana akianza kukohoa usiku, au kifua kikibana jioni za siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, hiyo si homa ya kupita. Apelekwe hospitali mapema, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa ni mpiga rangi wa magari. Kwa neno hilo, daktari atajua pa kuanzia.